Ashukie Kwao

Idi Mhina alizikwa Mwera baada ya swala ya adhuhuri. Wanaume walipokwenda makaburini mimi nilibaki uani na wanawake, nimekaa mkekani na mguu wa kushoto nimeunyoosha mbele kama mtoto, kwa sababu goti hilo halikunjiki tena. Nilikuwa nimetoka Tanga alfajiri, nikavuka kivuko cha Pangani pamoja na wachuuzi wa samaki, nikapanda bodaboda upande wa pili. Aliyenipigia simu ni mjane wake, Bi Zaina, ambaye kabla ya siku ile tulikuwa tukijuana kwa salamu za sikukuu tu. Alijua kwamba mimi na mumewe tulitumikia uaskari pamoja. Zaidi ya hapo hakuwa akijua kitu. Kila mwanamke aliyeniuliza pale uani nimemjuaje marehemu nilimjibu jibu moja, kwamba tulikuwa wote mpakani. Mmoja aliyekuwa akichambua mchele akasema, "Mpakani Horohoro? Mbona pazuri tu, lami mpaka Mombasa." Nikamwambia ndiyo, siku hizi pazuri. Sikutaka kumweleza kwamba kituo chetu hakikuwa pale barabarani, na kwamba sehemu tuliyokaa sisi hata leo hakuna atakayeiita pazuri.

Kilikuwa kituo kidogo, mashariki ya barabara, kati ya shamba la mkonge lililokufa na mikoko. Nilipelekwa huko nikiwa na miaka ishirini na mbili, mtu wa redio, badala ya mwenzangu aliyeondolewa kwa homa ya manjano. Niliambiwa nakwenda kushika nafasi kwa muda; muda ule ukawa mwaka mzima. Tuliishi katika ghala la zamani la mkonge, lenye kuta za saruji ambazo hazikufika juu kwenye bati. Vyumba vilikuwa vinne kwenye mstari: cha kamanda, cha silaha, cha askari wanaume, na changu, chenye meza ya redio, betri mbili za gari, na kitanda cha turubai nyuma ya pazia la kanga. Kwa kuwa kuta hazikufika juu, nilisikia kila kitu. Nilisikia mtu akikoroma na mtu akisali, nilisikia nani ana tumbo la kuhara, na nilisikia yaliyosemwa juu yangu, ambayo sitayaandika. Mchana bati lilikuwa likilia kwa joto. Nyuzi kuukuu za mkonge zilikuwa zimeingia kila mahali, kwenye nyufa za sakafu na kwenye blanketi, na ukilala uchi wa mgongo unaamka umewashwa kama uliyepita kwenye upupu.

Kamanda wetu alikuwa Sajini Kondo. Watu wakisikia habari za wakatili hutaka kusikia kwamba walikuwa na sura mbaya au sauti kubwa. Sajini Kondo alikuwa mtu mwembamba, msafi, mcheshi. Alijua kuigiza sauti za watu, na askari walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi hakuniita jina langu, Veronika, aliniita Redio. "Redio, una njaa?" "Redio, umeoga leo au bado unakwaruza?" Ukatili wake ulianzia mezani. Koplo Shemdoe, Msambaa wa Lushoto aliyekuwa mpishi wetu, alipika ugali na maharage, na siku njema dagaa. Sajini alikula kwanza, peke yake, mbele yetu, taratibu, akitusimulia vichekesho, na hatukuruhusiwa kugusa sahani zetu mpaka anawe mikono. Aliyechelewa kufika alikula amesimama juani, sahani ya bati ameishika kwa mkono ulionyooka. Mkono ukishuka, ugali unamwagwa mchangani. Siku moja ulimwagwa wa Idi. Sajini akamwambia aule hapo hapo ulipoangukia, naye akaula na mchanga wake, akitafuna polepole, na sote tukasikia meno yake. Sajini akauliza, "Chumvi imekolea?" Idi akajibu, "Imekolea, afande." Tulicheka. Nami nilicheka, kwa sababu asiyecheka ndiye aliyefuata.

Goti langu ni la mwaka ule. Boza la maji lilitoka mjini lilipopenda lenyewe, na kati ya boza na boza tulikunywa maji ya kisima cha kijiji, ya chumvichumvi, tuliyoyabeba kichwani. Mara moja nilijikwaa nikamwaga ndoo. Sajini alinipigisha magoti juu ya kokoto, ndoo tupu kichwani, mpaka jua likapita paa la ghala likafika upande wa pili. Alikuwa akija kila mara kuniuliza kama nimepata mawasiliano na makao makuu. Idi alikuwa lindoni jirani. Hakunitazama hata mara moja, nami nilimshukuru kwa hilo, maana kutazamwa ndiko kulikouma zaidi. Jioni aliniletea majani ya mwarobaini yaliyochemshwa kwenye kopo, akaliweka nje ya pazia langu, akasema, "Dada Vero, kanda yangali moto," akaenda zake. Alikuwa mtoto wa Mwera, mrefu, mnyamavu, aliyekwea minazi tangu akiwa na meno ya utoto. Maneno yake mengine yalikuwa ya kikwao hata wenzake wakimtania. Hatukuwa wapenzi, kama wengine walivyodhani baadaye. Tulikuwa watu wawili waliochaguliwa na mtu mmoja kuwa chakula chake.

Mpaka wenyewe ulikuwa mawe. Jiwe hapa, jiwe kule, na kati yake nyasi, mikoche, na minazi ya watu. Wadigo wa pale walikuwa ndugu upande huu na upande ule, wakioana, wakizikana, wakichota maji kisima kimoja. Miongoni mwao alikuwamo Mzee Mwanyota, mgema. Nyumba yake ilikuwa upande wa pili, na minazi yake mingine ilikuwa upande wetu, urithi wa baba yake kabla mtu hajaleta jiwe. Alikuja asubuhi na alasiri, kibuyu kiunoni, kotama yake ya kugemea imechomekwa mgongoni, anakwea, anakata karara, anashusha kinywaji ambacho kwao waliita mnazi na sisi tukiita tembo. Aliwauzia askari, na Sajini alikunywa bure. Alikuwa mzee mwenye maneno. Mimi aliniamkua, "Hujambo mwanangu wa sanduku linalosema?" Nami nikimwambia shikamoo alijibu marahaba kwa sauti ya juu, makusudi, ili Sajini naye akumbuke adabu.

Ugomvi ulianza kwa jambo dogo. Kulikuja agizo la kudhibiti wapitao, na Sajini akafunga kamba ya mkonge kutoka jiwe hadi jiwe. Mzee Mwanyota aliinama akapita chini yake kama anayepita chini ya kamba ya nguo. Sajini akamwita mbele yetu, akamuuliza kama hakuona kamba. Mzee akasema, akijigusa kifua, "Mino nimeiona. Ila minazi yangu haikuulizwa." Askari mmoja akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo tu cha puani. Lakini kwa mara ya kwanza pale kituoni watu walikuwa wamecheka jambo ambalo Sajini hakulisema yeye, na niliona uso wake ukitulia kama maji ya ndoo baada ya kuwekwa chini.

Asubuhi ile nilikuwa mezani kwangu. Dirisha langu lilielekea mawe. Mzee Mwanyota alikuwa juu ya mnazi mmoja mrefu uliosimama hatua chache ndani ya upande wetu. Mnazi huo ulikuwa umeinama, kama inavyoinama mingi ya pwani, hata kilele chake kilining'inia juu ya nchi ya pili. Sajini alitoka na kikombe chake cha chai, akasimama shinani, akatazama juu, kisha akatazama kamba. Niliona wazo linamjia. Akasema kwa sauti yake ya vichekesho, "Mzee, shina hili liko Tanzania. Huna kibali cha kuingia. Lakini hapo ulipo uko kwenu, sikusumbui. Basi ukitaka kushuka, shukia kwenu." Askari wakaangua kicheko. Mzee mwenyewe alicheka huko juu, akasema, "Nikishukia huku nitafika haraka mno, afande." Sajini akamwita Idi kutoka lindoni, akamweka shinani na bunduki. "Huyu asiguse ardhi yetu. Ashukie kwao." Kisha akaja kumalizia chai yake.

Nimeufikiria sana mzaha ule katika maisha yangu. Naamini kabisa kwamba mwanzoni haukuwa zaidi ya mzaha. Angeweza kumshusha baada ya robo saa na mambo yakaisha. Lakini alikuwa ameshauita amri, na kila dakika iliyopita ilifanya kuufuta kuwe aibu zaidi. Asubuhi ikaisha, jua likawa utosini, na tukaanza kumsikia mzee akibadilika. Kwanza alitania. Kisha akaomba kwa heshima, akimwita Sajini mwanangu, akimwambia miguu imekufa ganzi. Kisha akanyamaza. Mgema hukaa juu muda mfupi. Miguu yake hushikilia shina na vipandio vilivyochongwa, na hakuna mahali pa kukalia. Mkewe alikuja akasimama upande wa pili wa kamba, kwenye mikoche, na askari wakamzuia asisogee. Hakupiga kelele. Alivua mtandio akauinua juu kwa mikono miwili, amkingie mumewe jua, naye yuko mbali hivyo, chini hivyo. Askari mmoja akasema, "Tazama, anamfukuza nzi." Na wengine wakacheka.

Nilifungua redio. Sikuwa na ruhusa ya kupiga nje ya saa za taarifa, lakini nilipiga makao makuu. Aliyepokea ni ofisa kijana, mtu wa shule, aliyekuwa akinisemesha vizuri siku zote. Nilimweleza yote kwa mpangilio. Akasema, "Rudia hapo kwenye kilele. Ova." Nikarudia, kilele kiko kwao na shina liko kwetu. Nikamsikia akiita wenzake, "Njooni, njooni msikie hii," na akaniambia nirudie tena. Nikarudia mara ya tatu, nikiwa na matumaini, kwa sababu nilidhani anakusanya mashahidi. Kisha kikaja kicheko cha chumba kizima kikipasuka ndani ya masikio yangu. Alipoweza kusema akasema, "Huyo Kondo ni mtu hatari. Mwambie tunasubiri taarifa ya maji. Ova na nje." Nilivua kile kidude cha masikioni nikakaa nimekishika. Hata leo mtu akicheka kwenye simu naiondoa sikioni.

Alasiri mzee alijikojolea. Kibuyu kilianguka kikapasuka, na harufu ya tembo ikajaa pale shinani na nyuki wakaja. Idi alikuwa bado amesimama, hajala, hajaketi. Nilimsikia akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Afande, naomba nimpelekee maji." Sajini alikuwa amekaa kivulini kwenye kiti chake. Akasema, "Panda. Lakini na wewe utashukia huko huko." Idi akaiegemeza bunduki yake kwenye ukuta wa ghala, kwa utaratibu, mtutu juu. Akavua buti akaziweka pamoja. Akachukua chupa yake ya maji akaining'iniza shingoni, akakwea. Alikwea upesi kama mtu anayerudi kwao. Hakuna aliyecheka. Nilimwona akifika, akimnywesha mzee kwa mkono mmoja, akimwambia jambo sikioni. Halafu akateremka hatua moja, akamwekea mzee bega chini ya nyayo zake, wakaanza kushuka pamoja, mzee juu ya bega la kijana, kipandio kwa kipandio.

Walikuwa wamefika nusu. Sajini aliinuka, akaichukua bunduki ya Idi pale ukutani, akapiga risasi moja hewani. Najua hakumlenga mtu. Alitaka kichekesho chake kirudi mikononi mwake, basi. Mzee alishtuka, mguu ukateleza begani. Idi alimdaka kwa mkono mmoja, kwenye mkono karibu na bega, na kwa mkono wa pili alilikumbatia shina. Kwa uzito ule akaanza kuserereka, kifua na tumbo vikichunwa na magamba ya mnazi, na hakuachia. Mimi niliona. Nilikuwa dirishani na jua lilikuwa nyuma yangu, nikaona kila kitu. Ngozi ya mzee ilikuwa imelowa jasho na tembo, ikateleza kutoka kwenye vidole kama samaki. Alianguka chali kwenye mizizi, upande wetu. Mkewe, kutoka kule kwenye mikoche, aliona askari amepanda, ameweka mikono juu ya mumewe, akasikia mlio wa bunduki, akaona mumewe anaanguka. Ningekuwa mimi nimesimama pale alipo, ningeona hivyo hivyo.

Sajini hakuchelewa. Aliwaamuru wale askari wengine wamshike mzee mikono na miguu, wakamvusha kamba, wakamlaza majanini miguuni pa mkewe. Alikuwa hai, macho wazi, lakini kuanzia kiunoni alikuwa kama nguo. Kisha Sajini akaja chumbani kwangu, akaketi kwenye kitanda changu, akanisomesha taarifa ya kutuma: raia wa nchi jirani ameanguka kutoka kwenye mnazi akiwa upande wake, hakuna tatizo. Niliwasha redio. Nikatuma kwamba raia ameanguka upande wetu baada ya kuzuiwa kushuka tangu asubuhi, na kwamba Sajini Kondo amepiga risasi. Nilisema polepole ili iandikwe vizuri. Alinipiga kofi nikiwa bado nasema "ova," na kule walisikia lile kofi, kwa sababu yule ofisa aliuliza ni kitu gani kile.

Walikuja na gari, wakubwa watatu, wakakaa kivulini. Koplo Shemdoe aliamriwa kuwaangushia madafu, akayaangusha ya mnazi ule ule kwa kuwa ndio uliokuwa karibu, na wakanywa. Mimi waliniuliza swali moja kwa njia nyingi: nani alinipa ruhusa ya kufungua redio. Idi walimuuliza kwa nini aliacha silaha na lindo. Alisimama mbele yao na shati limegandamana na kidonda, akasema, "Alikuwa na kiu." Alifungwa, kisha akafukuzwa. Sajini alihamishiwa mjini, na baada ya muda nikasikia amepandishwa cheo. Mimi niliachwa pale pale mpaka mwaka ukaisha, chini ya kamanda mwingine, mtu mpole asiye na la kusimulia. Mzee Mwanyota hakusema neno tena. Alikufa kabla ya mvua. Tulisikia kilio cha msiba wake kutoka kituoni. Kamba ya mkonge ilikuwa imeshaoza na hakuna aliyefunga nyingine.

Sajini Kondo nilikutana naye mara moja, Tanga, kwenye foleni ya wastaafu. Alikuwa ameota mvi nzuri. "Redio," alisema, akanishika mikono yote miwili, akiwaambia waliokuwa karibu kwamba tulikuwa wote kituo kigumu sana. "Lakini tulicheka pale, ee? Tulicheka." Nilingoja aongeze kitu. Alikuwa na furaha ya kweli kuniona.

Pale uani Mwera, kabla wanaume hawajarudi kutoka makaburini, aliingia mwanamke wa rika langu amevaa buibui, vumbi la safari miguuni. Hakutoa mkono kwa yeyote. Alisimama akauliza kama hapa ndipo kwa Idi aliyekuwa askari. Akaambiwa ndipo, karibu mkekani, pole na msiba. Akasema anaitwa Mejumaa, binti Mwanyota, ametoka ng'ambo ya mpaka. Habari za kifo amezipata kwa ndugu wa Horohoro. "Mume wako alimtupa baba yangu kutoka mnazini," alimwambia Bi Zaina. "Mama aliapa hatamtangulia kaburini. Akamtangulia. Nimekuja nione kwa niaba yake."

Mikono iliyokuwa ikichambua mchele ilisimama. Nikamwambia akae, maana mimi siwezi kuinuka upesi. Nikamweleza, kama nilivyoeleza hapa, bila kupunguza: kamba, kilele, maji, bega, risasi, ule mkono ulioteleza. Alinisikiliza macho yakiwa kwenye mdomo wangu.  Nilipomaliza akasema, "Sura ya baba nimeisahau. Ya huyu sikuisahau, na nilimwona mara moja tu, siku ile, kwa mbali. Nimemchukia kuliko nilivyompenda baba." Akanitazama kama niliyemwibia. "Sasa unaniambia nini, dada? Chuki hii niiweke wapi?"  Aliinuka akatoka nje ya ua, na sikusikia akilia.

Nilimgeukia Bi Zaina. Alikuwa ameshika ncha ya kanga mdomoni, akinitazama kwa namna ambayo sikuielewa.

"Aliniambia alifukuzwa kwa ulevi," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Akasema ndivyo alivyowaambia watu wote Mwera aliporudi, na baba yake Bi Zaina alikataa posa mara mbili kwa sababu hiyo, na alipokubali alimwapisha kwa msahafu mbele ya wazee kwamba hataigusa tena pombe. Idi aliapa. "Yale makovu ya kifuani aliniambia alianguka amelewa." Akauliza, "Alikuwa akinywa?"

"Hakuwa akinywa," nikasema. "Hata tone."

Sauti za wanaume zilikuwa zinakaribia njiani, na wanawake walianza kuinuka kupakua chakula. Bi Zaina hakuinuka.

"Kila Ramadhani," alisema, "nilimwombea Mungu amsamehe ule ulevi. Naye yuko pembeni yangu, anaitikia amina."